Dirisha la kuslaidi la pikapu kuukuu linavuja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi dirisha la nyuma la kabini, lile lenye vioo vitatu au vinne ambavyo kimoja au viwili vya katikati vinasogea. Mwenye gari la kizamani lenye vioo vya kuslaidi milangoni, kama zile Land Rover Series, au mwenye kanopi nyuma, atakuta mengi yanamhusu vilevile. Reli, yaani mfereji ambamo kioo kinateleza, ni reli.

Kwa nini dirisha hili linavuja wakati kioo cha mbele cha umri uleule hakivuji?

Kioo cha mbele kimeshikwa pande zote, hakiendi popote. Kioo cha kuslaidi lazima kiachiwe nafasi ya kusogea, na penye nafasi maji hupenya. Waliolibuni dirisha hili walilijua hilo tangu mwanzo. Hawakujaribu kuyazuia maji yote. Waliyaacha yashuke kwenye reli ya chini, kisha wakatoboa matundu madogo upande wa nje ili yatoke. Dirisha zima linalotegemea matundu yale linabaki kavu kwa ndani miaka mingi, mpaka siku matundu yatakapoziba. Siku hiyo reli inajaa kama sufuria, inafurika upande wa ndani, na maji yanateremka nyuma ya kiti bila mtu kuyaona.

Ndiyo maana mimi huuliza kwanza maji yameshindwa kutokea wapi, kabla sijauliza yameingilia wapi. Ukiacha reli, zipo njia nyingine: raba kubwa ya nje inayokaa kati ya fremu na bodi, ukingo wa vioo visivyosogea, sili (raba za kuzibia) za wima pale kioo kinachosogea kinapokutana na jirani yake, na kona za fremu. Lakini reli ianze.

Nitajuaje kama ni dirisha kweli na si kitu kingine?

Maji ni mwongo. Yanaingia hapa, yanafuata mshono wa bati au waya, yanadondokea kule. Nimewahi kumaliza siku mbili nikihangaika na dirisha ambalo halikuwa na kosa lolote. Maji yalikuwa yanapitia kwenye taa ya breki ya juu, ile iliyofungwa nyuma ya paa la kabini juu ya dirisha. Sponji yake ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki unga mweusi. Maji yaliingia pale, yakateremka nyuma ya kitambaa cha paa, yakatokea kwenye ukingo wa juu wa dirisha kana kwamba hapo ndipo nyumbani kwao.

Marekani iliifanya taa hiyo kuwa lazima kwa pikapu mpya kuanzia modeli za mwaka 1994, kwa hiyo pikapu yako ikiwa ya kuanzia hapo, ifungue taa hiyo kwanza. Skrubu mbili tatu, unatazama sponji, umemaliza. Ukiona imebonyea na kukauka, weka mpya au zungushia utepe wa butili, ile raba laini inayonata.

Vingine vya kutazama: mshono wa paa na bati la nyuma, kitako cha antena ikiwa iko juu ya paa, na yale matundu ya kupumulia kabini yaliyo nyuma chini ya dirisha, mara nyingi yamefichwa na boksi la mizigo. Yana vipande vya raba vinavyofunguka hewa ikitoka na kujifunga yenyewe. Raba ikijikunja, maji yanayoruka kutoka kwenye boksi yanaingia bila hodi.

Kipimo cha maji kinafanywaje?

Siri ni kuanzia chini kwenda juu. Ukianza kumwaga juu ya paa, kila kitu kinalowa kwa pamoja na hujajifunza chochote.

Toa kiti, au kama ni kizito kisogeze mbele na ukunje mgongo wake. Vua plastiki za kuzunguka dirisha ili uone bati tupu. Kausha kila kitu kwa kitambaa. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine abaki nje na mpira wa maji. Usitumie mashine ya kuoshea magari. Presha yake inapenyeza maji hata kwenye dirisha jipya, utafukuza kosa ambalo halipo. Maji yatiririke taratibu kama ya bomba lililofunguliwa nusu.

Anza na ukingo wa chini wa raba ya nje, chini ya reli. Dakika tano. Hakuna kitu? Panda kwenye reli yenyewe, upande mmoja halafu wa pili. Dakika tano nyingine. Halafu sili za wima, halafu ukingo wa juu, halafu taa ya breki, halafu paa. Aliye ndani akiona tone, msimame hapohapo. Uvumilivu unahitajika kwa sababu baadhi ya njia ni nyembamba kiasi kwamba tone la kwanza linachukua dakika kadhaa kufika.

Sina mtu wa kunisaidia. Nifanyeje?

Bandika karatasi za tishu kwa ndani, chini ya dirisha, kipande kwa kipande kama mkeka. Mwaga maji nje, ingia ndani, tazama kipande kipi kimelowa kwanza. Unga wa chaki au poda ya mtoto nao unafaa: mchirizi wa maji unaacha alama inayoonekana wazi.

Njia nyingine ninayoipenda haihitaji maji mengi. Funga milango na vioo vyote, washa feni ya gari hadi mwisho ikivuta hewa ya nje, isiwe kwenye mzunguko wa ndani. Kabini inajaa hewa. Toka nje upake maji ya sabuni kuzunguka dirisha kwa brashi. Panapotoka mapovu ndipo hewa inapotokea, na panapotokea hewa maji nayo yataingia. Kwenye pikapu iliyochakaa sana hewa huishia milangoni na mapovu hayatokei, hapo rudi kwenye tishu.

Na kama gari lako linapita barabara za vumbi, kipimo umeshafanyiwa bure. Fungua kiti utazame bati la nyuma. Vumbi huacha mistari ya rangi ya udongo inayoanzia kwenye tundu lenyewe. Usiifute kabla hujaipiga picha.

Matundu ya kutolea maji yako wapi, na yanazibuliwaje?

Simama kwenye boksi, piga magoti, utazame ukingo wa chini wa fremu kwa nje. Utaona vijitundu vya mviringo au mikato midogo, kwa kawaida karibu na kona na pengine katikati. Kwenye madirisha mengine vimejificha chini ya mdomo wa raba. Inua mdomo huo kwa kijiti cha plastiki. Usipoviona kabisa, sogeza kioo, mulika ndani ya reli, utafute tundu sakafuni mwake.

Kilichomo ndani ya reli ya gari la miaka ishirini kinashangaza. Mara ya mwisho nilitoa udongo uliogandana kama tofali, mabawa ya wadudu, nywele, kipande cha stika, na kijimea kilichokuwa kimeota kabisa chenye majani mawili. Juu yake kulikuwa na silikoni iliyopakwa na mwenye gari wa zamani, yaani alilifunika bwawa badala ya kulifungua.

Lainisha uchafu kwanza. Mimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo ndani ya reli, acha dakika kumi. Chokonoa kwa mswaki mkuukuu, futa tope kwa kitambaa kilichoviringishwa kwenye kijiti. Kisha pitisha kwenye kila tundu uzi mgumu wa plastiki, ule wa mashine ya kukatia nyasi, au ncha ya kifungio cha plastiki cha kufungia nyaya. Waya wa chuma nao unapita ila unakwaruza rangi, na kwenye fremu ya chuma mkwaruzo huo ndio utakaozaa kutu. Kama una pampu ya hewa, puliza kutoka nje kwenda ndani huku umeshika kitambaa juu ya reli, la sivyo tope lote litakuishia usoni.

Baada ya hapo mimina kikombe kimoja cha maji polepole ndani ya reli ukiwa ndani ya kabini. Yakitoka nje mara moja na kiwango cha ndani hakipandi, umepona. Magari mengi yanaishia hatua hii, na mengine yote yaliyo hapa chini hayatakuhusu.

Si nipake tu silikoni pande zote nimalize?

Utamaliza kweli, kwa wiki mbili. Kuna msemo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye dirisha la kuslaidi, aliyeziba ufa usiohusika ndiye atakayejenga ukuta. Silikoni ikiziba matundu ya nje, maji yanayoingia juu hayana pa kwenda ila ndani. Ikipakwa juu ya raba chafu haishiki, inainuka pembeni na kutunza maji chini yake kama sponji, na bati linaoza ukiwa umelala usingizi. Siku utakapotaka kupiga rangi, mabaki yake yanaifanya rangi ikatae kushika na kuacha vijitundu, na fundi wa bodi atakuchukia.

Inayofaa hapa ni silikoni ya majimaji tu, ile nyembamba inayotiririka na kuingia yenyewe kwenye nyufa zisizoonekana. Hiyo ni kwa ukingo wa kioo kisichosogea na fremu yake, kitu kisichohitaji kusogea tena. Safisha kwa spiriti, kausha kabisa, weka mstari mwembamba, iache ijivute ndani, ongeza panapozama, kisha acha siku nzima. Ziba matundu ya chini kwa utepe wakati wa kazi ili isiyaingie, na ukumbuke kuutoa utepe huo. Nimesema ukumbuke kwa sababu nilisahau.

Basi gundi gani itumike wapi?

Kati ya raba na bodi, au kati ya raba na kioo kisichosogea: masta ya butili isiyokauka, yaani gundi nzito ya kujazia mianya. Inabaki laini miaka, inayumba na bodi, na siku ya kufungua inatoka. Pikapu ni gari linalojipinda. Boksi na kabini vimefungwa kwenye chasi moja lakini kila kimoja kinacheza ngoma yake barabara ikiwa mbaya. Kitu kinachokauka kikawa kigumu kitapasuka.

Dirisha lililobandikwa moja kwa moja kwenye bati bila raba: yurethani ya vioo vya magari, gundi inayokauka ikashika kwa nguvu, pamoja na praima yake, ile rangi ya kwanza inayoisaidia kushika. Hii haina mbadala.

Silikoni inayonuka siki iache mbali na bati tupu. Harufu ile ni asidi inayotoka ikikauka, nayo inakula chuma. Ukilazimika kutumia silikoni, chukua isiyo na harufu hiyo.

Linavuja nikipaki mteremkoni tu. Kwa nini?

Gari likiinama mbele, ukingo wa ndani wa reli unakuwa chini kuliko wa nje, na maji yanachagua ukingo huo kabla ya kufikia matundu. Likiinama ubavu, reli yote inamwagikia kona moja. Kama tundu la kona hiyo ndilo lililoziba, basi umepata jibu. Jaribu kupaki limeelekea upande wa pili. Likiacha kuvuja, unajua tundu la upande gani ulizibue.

Na likivuja kwenye mwendo tu?

Nyuma ya kabini hewa huzunguka na kurudi, inachukua maji ya kwenye boksi na kuyapiga kwenye dirisha. Ukifungua kidogo kioo cha mlango, presha ya ndani inashuka na kabini inavuta kwa mdomo wote. Tafuta kosa kwenye sili za wima na kwenye komeo, kisha jaribu kuendesha na feni ikiwa imewashwa kwa hewa ya nje. Matone yakipungua, ni hewa inayoyavuta.

Manyoya ya ndani ya reli, ule utepe laini ambamo kioo kinapita, yamekwisha. Yana kazi gani?

Kazi mbili: yanashika kioo kisigonge, na yanapunguza maji yanayopita. Yakioza, kioo kinacheza na mwanya unaongezeka. Yakibaki yameoza ni mabaya zaidi, kwa sababu yanashika unyevu muda wote. Kwenye magari yenye reli ya chuma ndani ya manyoya, reli inaliwa kutoka ndani na kuvimba mpaka kioo kinakataa kusogea kabisa. Ukiona vioo vya kuslaidi vya mlango wa gari la zamani vimeota ukungu wa kijani kwenye reli, ndio ugonjwa wenyewe.

Utepe wa manyoya unauzwa kwa mita. Pima upana wa ndani wa reli na unene wa kioo kabla ya kununua. Unene ukizidi kidogo tu kioo hakitasogea, na mtu atakisukuma kwa nguvu mpaka kipasuke. Ng'oa wa zamani wote, kwangua gundi iliyobaki, hakikisha mpya haufuniki matundu sakafuni. Ukiyafunika, kata nafasi kwa wembe pale lilipo tundu. Sijaona kosa linalorudiwa zaidi ya hili kwenye kazi iliyofanywa vizuri kwa mengine yote.

Kioo kinagongagonga na komeo halishiki vizuri. Kuna uhusiano?

Upo mkubwa. Komeo ndilo linalokivuta kioo kikakandamiza sili ya wima. Likilegea hata milimita mbili, sili nzima haigusi. Funga kioo ukiwa umebana kipande cha karatasi kwenye sili, kisha vuta karatasi. Ikitoka bila kukwama, hakuna mkandamizo. Kaza skrubu za komeo, au weka kipande chembamba cha plastiki nyuma ya ndoano yake ili ivute zaidi. Kazi ya dakika kumi, na kelele zinaisha hapohapo.

Raba ya nje imekauka na kupasuka. Inaweza kufufuliwa?

Iliyokauka kidogo, ndiyo: isafishe kwa sabuni, ipake glisirini au silikoni ya kupuliza, rudia kila baada ya miezi michache. Iliyopasuka, iliyosinyaa mpaka kona zikaachana, au iliyokuwa ngumu kama plastiki, hapana. Jua limeshaichukua. Usijaribu kuilainisha kwa grisi au oili ya injini. Raba za madirisha nyingi huvimba na kuharibika zikikutana na mafuta ya petroli.

Naweza kutoa dirisha zima mwenyewe na kubadilisha raba?

Kama limeshikwa na raba, ndiyo, ukiwa na mtu wa pili na nusu siku isiyo na haraka. Soma hili lote kabla hujagusa kitu.

Vioo hivi vimetiwa ugumu kwa moto. Katikati vinavumilia, lakini vikiguswa ukingoni na bisibisi vinageuka punje elfu kwa mpigo mmoja. Vaa miwani na glovu, na zana zinazogusa ukingo ziwe za plastiki au mbao.

Raba ya zamani usiibembeleze. Unaibadilisha, basi ikate kwa kisu mdomo wa ndani wote kuzunguka, na dirisha litatoka lenyewe ukilisukuma kona ya juu kutoka ndani. Mwenzako awe nje, mikono imetandazwa, godoro au blanketi chini.

Sasa safisha. Ukingo wa bati ambapo raba inakaa uwe laini, mkavu, bila gundi ya zamani. Vaa raba mpya kwenye dirisha ukiwa umeiacha juani saa moja. Raba yenye joto inanyooka, ya baridi inakupiga vidole. Mshono wa raba, kama upo, uukalishe juu katikati au mahali kiwanda kilipoweka, usiuache kona.

Hapa ndipo kamba inapoingia. Tafuta kamba laini ya nailoni ya unene wa milimita nne hadi tano. Ilaze ndani ya mfereji wa raba ule utakaokaa kwenye bati, zungusha dirisha lote, ncha zake zikutane chini katikati na zipishane sentimita kama ishirini. Paka maji ya sabuni kwenye raba na kwenye bati, usione huruma. Mwenzako asimamishe dirisha kutoka nje, likae sawasawa katikati ya nafasi yake, ncha za kamba zikiwa ndani ya kabini. Wewe ndani uanze kuvuta ncha moja polepole kuelekea katikati ya dirisha. Kamba ikitoka inauinua mdomo wa raba na kuupandisha juu ya bati, sentimita kwa sentimita, kwa mlio kama wa mtu anayevua buti lenye maji. Mwenzako apige nje kwa viganja vilivyokunjuliwa, palepale kamba ilipofika. Ngumi hapana. Chini kwanza, kisha ubavu mmoja, kisha wa pili, juu mwisho.

Mdomo ukibaki umejikunja sehemu fulani, usichokoe kwa bisibisi. Rudisha kipande cha kamba hapo na ukivute tena. Likishakaa, inua mdomo wa nje na kuingiza masta ya butili chini yake, ya kutosha kujaza mwanya, futa inayozidi.

Nimetoa dirisha nikakuta kutu. Niendelee tu?

Usiendelee. Raba haizibi juu ya kutu. Maji yanapita chini ya magamba. Piga msasa mpaka bati jeupe, pale palipobaki mashimo madogo ya kutu paka dawa ya kuigeuza kutu isiendelee kula, kisha praima ya epoksi na rangi, na subiri rangi ikauke kweli kabla ya raba kuja juu yake. Tundu lililopita upande wa pili ni la kuchomelewa kipande cha bati. Puti peke yake pale itadondoka na mtikisiko wa kwanza wa barabara.

Dirisha langu halina raba, limegandishwa.

Hilo linakatwa kwa waya maalumu au kisu chake, na kurudishwa kwa yurethani. Naona ni kazi ya kumwachia fundi wa vioo, hasa kwa sababu kioo cha ugumu wa moto hakisamehe kisu kilichoteleza. Kama utafanya mwenyewe, bakiza tabaka jembamba la yurethani ya zamani kwenye bati kama limeshika vizuri, mpya inashika juu yake kuliko kwenye rangi. Fuata muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kuendesha. Yurethani inakauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo siku kavu na ya baridi inachelewa kuliko unavyotarajia.

Kona ya fremu imepasuka.

Ya alumini: safisha kwa spiriti, ingiza silikoni ya majimaji au masta kutoka ndani ya mshono, ibane kwa utepe usiku kucha. Ya plastiki iliyopasuka kwa jua, tafuta dirisha lingine zima. Nimejaribu gundi tatu tofauti na zote ziliachia.

Kapeti limelowa. Likikauka juu inatosha?

Hapana, na hapa watu wanapoteza sakafu zao. Chini ya kapeti kuna sponji au pamba nene inayonyonya maji na kuyatunza kwa wiki nyingi huku juu pakiwa pakavu kabisa. Bonyeza kwa ngumi kwa nguvu zote. Ukisikia ubaridi kwenye vidole, bado.

Inua kapeti lote, litandaze juani likiwa limepinduliwa. Chomoa vizibo vya raba vilivyo sakafuni ili maji yatoke, kisha virudishe. Tazama soketi za nyaya zilizo chini ya kiti. Zikiwa na unga wa kijani, tenganisha betri kwanza, zisafishe kwa dawa ya soketi, zikauke. Usirudishe kapeti mpaka mvua moja au mbili zipite na umethibitisha bati la nyuma ni kavu.

Hakuna mvua wiki nzima lakini vioo vina ukungu kila asubuhi. Bado linavuja?

Si lazima. Hayo ni maji ya zamani yanayotoka kwenye sponji ya kapeti usiku kama mvuke na kutua kwenye kioo. Ni dalili kwamba swali lililotangulia hujalimaliza.

Niweke tu kioo kizima kisichofunguka?

Ukikipata cha modeli yako, kinaingia kwenye nafasi ileile na kinapunguza njia nyingi za maji. Utapoteza hewa ya nyuma na njia ya kupitisha bomba au mbao ndefu. Mimi nilibakiza langu, kwa ukaidi zaidi kuliko kwa hesabu.

Nimefanya yote haya na bado tone moja linaingia kila mvua kubwa.

Tone moja lina mahali pamoja. Bandika utepe mpana wa plastiki juu ya ukingo mzima wa dirisha kwa nje, matundu tu uyaache wazi, usubiri mvua. Likikauka, toa utepe kipande kimoja kila mvua, ukianzia juu, na uandike tarehe kwenye kila kipande unachokitoa. Mimi lilinichukua mvua sita. Ilikuwa skrubu ya fremu, kona ya juu kushoto, iliyokazwa bila washa yake ya raba.